Bi Baridi na Multimita ya Mtandaoni

Mtaani walimwita Bi Baridi, na aliyembandika jina hilo ana la kujibu. Kweli kazi yake ilikuwa kutengeneza friji na friza, na kweli hakuna aliyemzidi kwa kompresa. Lakini mwenyewe alikuwa pilipili. Ukimkawiza alikuchomea, ukimharakisha alikuchomea zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, mikono mipana yenye makovu madogo ya bati, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara. Ndani, friji za watu zilisimama kama wagonjwa kwenye foleni, milango wazi, mpira wa moja ukining'inia kama ulimi.

Multimita yake ya zamani, kipimo chake cha umeme, ilimfia buchani. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friza ya mwenye bucha, akisaka waya uliokatika, na mwenye bucha alikuwa amesimama juu yake akimfundisha kazi.

"Mimi nadhani ni gesi," alisema mwenye bucha.

"Kama ni gesi, mbona umeniita? Si ungejaza tu?"

"Nasema nadhani. Angalia pale, pale kushoto," akasema yule bwana, akanyoosha mkono kuonyesha, na kiwiko chake kikaipiga multimita iliyokuwa ukingoni mwa friza. Ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya barafu na damu. Bi Baridi aliitoa, akaikung'uta, akaifuta kwa kanga, akaianika juani mchana kutwa. Haikuzinduka. Kioo chake kilionyesha nusu ya nane, kisha hata hiyo nusu ikazimika.

Sasa, fundi wa vitu vya umeme bila kipimo ni mpishi asiye na ulimi. Hajui umeme upo au haupo, waya mzima au umekatika, kapasita hai au imekufa. Anabahatisha, na umeme haubahatishwi. Bi Baridi alijua hivyo, na kwa hiyo alifunga kazi zote zilizohitaji kupima, akabaki na za kubadilisha mipira ya milango na kusugua kutu.

"Si ungeazima kwa Mzee Waya, hapo ng'ambo?" alishauri mumewe, dereva mstaafu wa lori, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Mzee Waya alikuwa fundi wa kusuka mota, karakana yake ikitazamana na ya Bi Baridi, barabara tu katikati.

"Kuliko kuazima kwa yule," alijibu Bi Baridi, "nitapima kwa ulimi wangu."

Mume akanywa chai yake. Alijua habari hiyo haijadiliki. Zamani, mteja mmoja alikuwa na friza ya kuuzia maji. Mzee Waya akasuka mota ya feni yake, Bi Baridi akajaza gesi, na wiki haikuisha friza ikatoa moshi. Mzee Waya akasema kosa ni la gesi. Bi Baridi akasema kosa ni la koili, nyaya zile alizosuka mzee. Kila mmoja akalisema kwa mteja, kisha kwa mtaa mzima, na tangu hapo hawakusalimiana. Ikibidi kuambiana jambo, walimtuma mpita njia: mwambie yule wa ng'ambo maji yake machafu yanakuja kwangu, mwambie na yeye jenereta lake linanitoa roho.

Madukani hakupata la maana. Duka la kwanza walikuwa na vipimo vyepesi vya plastiki ambavyo asingempa hata mtoto achezee. Duka la pili walikuwa na multimita safi kabisa, iliyofungiwa kwenye kabati la kioo kama dhahabu, na alipotajiwa bei aliuliza kama inakuja pamoja na nyumba.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wake, yule waliyemwita Mjuzi. Kijana huyo wa miaka arobaini alijua kila kitu na hakuwahi kumaliza chochote.

"Dada, unahangaika bure. Watu siku hizi wananunua mpaka milango mtandaoni. Lete simu."

"Milango ya wapi?"

"Lete simu, dada."

Akaipakua ile programu ya kununulia vitu, akafungua akaunti kwa jina lake mwenyewe, Mjuzi, akaweka na picha ya gari ambalo halikuwa lake. Kisha akatafuta, akapekua, akashangilia. Ilikuwepo multimita ya njano, nyota tele chini yake, maneno "ubora wa kimataifa" yakimeremeta, na bei nusu ya ile ya dukani. Nusu!

"Mama watoto," alisema mume kutoka kwenye kiti chake, "usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Gunia gani? Picha si hii hapa?" alisema Mjuzi.

Bi Baridi alivaa miwani, akasoma maoni ya walionunua. Mmoja aliandika: nzuri sana. Mwingine: imefika salama. Wa tatu: asanteni, mwanangu ameipenda. Baadaye alijilaumu sana kwa kulipita neno hilo la tatu bila kujiuliza ni mtoto gani anayependa multimita. Lakini tamaa ya bei ilikuwa imemshika, akalipa.

Mzigo ukachelewa. Ukachelewa tena. Kisha siku alipokuwa ametia mkono mzima ndani ya friji ya mtu, simu ikalia.

"Mama, mimi mleta mizigo. Niko hapa kwenye mnara."

"Mnara upi?"

"Huu mrefu."

"Mwanangu, kuna mnara mfupi?"

"Basi njoo barabarani utaniona."

Alitoka barabarani, hakumwona. Simu ikalia tena: yule kijana alikuwa mnara mwingine, mrefu vilevile. Walizungukana kama paka na mkia wake, huku Bi Baridi akiwa na bisibisi mkononi na grisi mpaka kwenye kiwiko, na wapita njia wakimpisha. Mwishowe walikutana kwenye kona ambayo haikuwa na mnara wowote.

Boksi lilikuwa kubwa. Alipolishika alidhani ni tupu. Alilifungua, akatoa karatasi, akatoa povu, akatoa karatasi nyingine, na chini kabisa, imejikunyata, ikatokea multimita inayotosha kwenye kiganja. Kwenye picha ilikuwa peke yake, haina cha kulinganishwa nacho, nani angejua? Betri haikuwemo.

"Udogo si hoja," alisema Mjuzi, aliyekuja kuona matunda ya ushauri wake. "Vitu vya kisasa vyote vidogo."

Bi Baridi alikwenda kutafuta betri. Alitia betri, akaiweka kwenye volti, kisha akafanya alichofundishwa tangu anaanza kazi: kabla ya kukiamini kipimo, kipime kwanza mahali unapojua umeme upo. Akachomeka ncha mbili, nyekundu na nyeusi, kwenye soketi ileile iliyokuwa ikiwasha taa juu ya meza yake. Kioo kikasema sifuri.

Akatazama taa. Inawaka. Akatazama kioo. Sifuri.

"Labda umeme umekatika," alisema Mjuzi.

"Na taa inawaka kwa imani yako?"

Akaigonga kidogo. Ikaruka, ikaonyesha tarakimu kubwa ambayo ingetosha kuunguza mtaa, kisha ikarudi sifuri, ikatulia, imejiridhisha. Na utulivu huo ndio uliomkalisha Bi Baridi chini, juu ya kreti la soda. Maana aliona picha yote: jiko la mteja, sakafu ina maji, kipimo kinamwambia hakuna umeme, na yeye, kwa kuamini, anatia mkono.

Aliifungua mgongoni. Pale panapokaa fyuzi, ile fyuzi ya kukulinda wewe na kipimo umeme ukizidi, paliwekwa kipande cha waya kilichochomewa pande mbili. Hakikuwa na haya hata ya kujificha.

"Njoo uone ubora wa kimataifa," alimwambia mdogo wake. Mjuzi akachungulia, akakumbuka ana mtu wa kumwona mjini.

Kurudisha ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kununua. Programu ile ilikuwa na msaidizi wa kuandikiana naye, na msaidizi alikuwa na adabu kupita kiasi.

"Habari mpendwa mteja! Tumefurahi kukuhudumia."

Bi Baridi aliandika kwa kidole kimoja kwamba kipimo kinasema hakuna umeme na umeme upo.

"Pole sana mpendwa mteja! Je, bidhaa imefika?"

Akaandika kwamba imefika, ndiyo maana analalamika.

"Tumefurahi kusikia imefika! Je, ungependa kuipa nyota tano?"

"Mpendwa, mpendwa!" Bi Baridi aliikemea simu mbele ya mumewe. "Aliyezaliwa na mimi haniiti mpendwa, huyu amenitoa wapi?"

"Si mtu huyo," alisema mume. "Ni mashine."

"Basi mashine na iseme imeharibika, nitaielewa."

Alituma picha ya kioo kikionyesha sifuri. Wakajibu kwamba picha inaonyesha bidhaa ikiwaka, hivyo inafanya kazi. Alituma picha ya taa na kioo pamoja. Wakamshukuru kwa picha nzuri. Alipotuma ya kile kipande cha waya, msaidizi akanyamaza siku nzima, kisha pakatokea mtu, au kitu kilichoandika kama mtu, kikasema atarudishiwa gharama. Akashangilia mapema. Gharama ilirudi kwa njia ya pointi, na pointi zile zilitumika kwenye duka hilohilo tu, ambalo halikuwa na kipimo kingine zaidi ya kile kile, na cha pinki.

Akanunua mashuka. Mume aliyalalia, akayasifu, akaambiwa anyamaze.

Mwingine angekoma hapo. Lakini Bi Baridi alikuwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa akiwa na miwani usoni, na friji za watu zilizidi kusongamana mpaka zikatokea barazani. Alirudi mtandaoni, safari hii bila Mjuzi, akaacha vipya vya nyota nyingi, akaenda upande wa watu binafsi wanaouza vyao vilivyotumika. Na kila muuzaji alimuuliza maswali matatu: nionyeshe ndani nione fyuzi, nionyeshe ikipima soketi nione kioo, niambie kwa nini unaiuza. Wa kwanza alijibu, "Kaka, unanunua au unafanya upelelezi?" Wa pili alituma picha ya ndani ya redio. Wa tatu hakuonekana tena.

Kisha akapata tangazo moja lisilo na mbwembwe. Picha ya muuzaji ilikuwa ua waridi, jina lake Ua la Asubuhi. Multimita yenyewe ilikuwa nene, imevaa gamba la mpira mwekundu lililolika kidogo pembeni, waya zake nzito, na maelezo yalisema: ilitumiwa na mtu mmoja tu, mkali. Bi Baridi aliuliza maswali yake. Jioni, jibu likaja na picha zote. Fyuzi mbili zilikaa ndani, nono, nyeupe, za kauri. Kwenye video kioo kilisoma soketi bila kutetemeka. Na sababu ya kuuza? "Mwenyewe hafanyi tena kazi ya vipimo."

Moyo ukamruka. Akauficha, maana mnunuzi anayeonyesha furaha hulipia furaha hiyo. Akaandika: "Gamba limelika. Nipunguzie."

Jibu: "Habari kaka Mjuzi. Mwenyewe anasema gamba halipimi umeme."

Bi Baridi hakujisumbua kueleza kwamba yeye si kaka wala Mjuzi. Akaandika: "Mwambie mwenyewe kitu kilichotumika hakiwi na bei ya kipya."

"Samahani kaka. Mwenyewe anasema kipya unachokijua wewe kina fyuzi ya waya."

Hapo akastuka kidogo. Ameniona wapi? Kumbe haikuwa uchawi. Vipimo vile vya njano vilikuwa vimewaliza watu wengi, na kila fundi alikuwa na hadithi yake juu yavyo. Akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu siku ya bucha, kisha akaandika kwa ukali zaidi: "Mwambie mwenyewe ana mdomo."

"Mwenyewe anasema anao, na ana multimita pia. Wewe je?"

Wakaenda hivyo jioni baada ya jioni. Majibu yalikuja saa ileile, kama ya mtu aliyetoka kazini, na kila mara kwanza ilikuja sentensi ya adabu, ya huyo Ua la Asubuhi, kisha sindano ya mwenyewe. Bi Baridi alikuwa akimsomea mumewe kwa sauti na kulalamika kwamba hajapata kuona mtu mbishi namna hii, hajui biashara, hajui lugha. Mume aliona kwamba mke wake anaoga mapema na kukaa na simu akisubiri, lakini alikuwa ameoa zamani, akajua la kusema na la kumeza.

Hatimaye wakafikia bei, ya haki kwa wote wawili na ya kuudhi kwa wote wawili. Programu ilikuwa na desturi ya kuficha anwani mpaka pande zote zikubali. Bi Baridi akabonyeza kukubali. Ramani ikafunguka, ikachora mstari, ikaandika: umefika.

Alikuwa amekaa kwenye karakana yake.

"Ujinga gani tena huu?" Akaizima simu, akaiwasha. Umefika. Akatoka nje, akasimama barazani katikati ya friji za watu. Ramani ikafikiri, ikamsogeza kidogo, ikamwambia avuke barabara. Akampigia Mjuzi.

"Simu yako imeharibu ramani."

"Dada, simu ni yako."

"Programu ni yako!"

"Ifuate tu, dada. Ramani haidanganyi."

Akainua macho kutoka kwenye kioo. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango uliopakwa rangi ya buluu, Mzee Waya alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mgongo wima, ameshika kitu chekundu magotini, akimsubiri mtu aitwaye kaka Mjuzi.

Kama kuna aibu ambayo mtu huisikia miguuni, basi ndiyo hiyo. Bi Baridi alitaka kurudi ndani. Lakini alikuwa amesimama peupe, simu mkononi, na mlango wa buluu ukafunguka, akatoka binti ya Mzee Waya, muuguzi, sare yake bado mwilini, macho yamechoka. Akatazama simu yake, akatazama ng'ambo, akamwona Bi Baridi naye na simu mkononi, akitafuta njia.

"Mama," alimwita kutoka kule, kwa upole wa mtu anayeomba asisikie jibu, "Mjuzi ni nani kwako?"

"Mdogo wangu."

"Nani huyo?" aliuliza Mzee Waya, shingo imenyooka. "Mnunuzi amefika?"

"Amefika, baba. Ni Bi Baridi."

Baiskeli moja ikapita katikati yao.

"Mwambie," alisema Mzee Waya, "bei imepanda."

"Mwambie baba yako," alisema Bi Baridi akivuka barabara kwa hatua za vita, "tumekubaliana, na maandishi ninayo!"

"Mwambie nilikubaliana na kaka Mjuzi."

"Mwambie hata mimi nilikuwa nanunua kwa Ua, sikujua nyuma yake kuna mwiba!"

"Basi!" alisema yule binti, na sauti ile haikuwa ya wodini. "Basi, jamani, basi! Natoka zamu miguu imevimba, nikifika hapa nageuzwa posta. Mwenyewe anasema, mwambie mwenyewe, mwenyewe anasema! Mko hatua chache, wote mna masikio. Kipimo hicho hapo. Mimi nakwenda kulala." Akaichukua multimita magotini kwa baba yake, akaiweka juu ya benchi katikati yao, akaingia ndani, akafunga mlango. Komeo likasikika.

Walibaki wawili na kile kitu chekundu. Bi Baridi angeondoka, lakini kilikuwa kizuri mno. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, akakishika. Uzito wake ulikuwa ule wa kitu kilichotengenezwa na mtu aliyekusudia. Swichi yake ya kuzungusha ililia tak, tak, kila mahali pake.

"Soketi iko nyuma yako," alisema Mzee Waya, akitazama barabara.

Akageuka, akachomeka ncha. Kioo kikasoma mara moja, kikatulia.

"Inasema ngapi?" aliuliza mzee.

"Si hiyo hapo?"

"Nimekuuliza inasema ngapi."

Ndipo Bi Baridi alipomtazama, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kama mtu anayemtazama mtu. Macho ya Mzee Waya yalielekea kwenye kioo lakini hayakutua. Yalikuwa na ukungu, ukungu mweupe, kama kioo cha friji iliyofunguliwa mchana wa joto.

"Mia mbili thelathini na moja," alisema taratibu.

"Leo mchana ilikuwa chini zaidi, nimesikia mota zinavyoguna," alisema mzee. Kisha, kwa vile aliisikia sauti yake ilivyolainika, akaongeza kwa hasira: "Ni mtoto wa jicho tu. Watanipasua zamu yangu ikifika. Usianze kunisikitikia, nitapandisha bei."

"Nani anakusikitikia? Nasikitikia waliosukiwa mota na mtu asiyeona."

"Mota nasuka kwa vidole. Wewe gesi unajaza kwa nini, kwa pua?"

Bi Baridi akamhesabia noti mkononi, naye mzee akazipapasa moja moja bila haraka, makusudi. Bi Baridi akarudi kwake akiwa ameudhika mpaka kwenye nywele. Ameudhika na mzee, ameudhika na Mjuzi, ameudhika na siku zote alizopoteza akizunguka minara na kubembelezana na mashine, na alichokihitaji kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi, kikiota jua. Mumewe alimkuta ameinamia friji ya kwanza, multimita ikilia piii kwa kila waya mzima.

"Umeipata wapi?"

"Usiniulize."

Ungedhani mambo yameishia hapo. Kumbe mauzo yale hayakuisha. Mlio ule wa piii ulivuka barabara, na masikio ya Mzee Waya, kama ilivyo kwa mtu ambaye macho yamemchoka, yalikuwa makali.

"Umeiacha imewaka!" alikuwa akipaza sauti. "Betri hiyo!"

"Ni betri yangu!"

"Kapasita uliitoa chaji kwanza?"

"Niliitoa kabla hujazaliwa!"

Wapita njia waliozoea kutumwa salamu za matusi walijikuta hawana kazi, kwa kuwa sasa wale wawili walipigiana kelele moja kwa moja. Zamu ya mzee ya kupasuliwa jicho ilipofika, binti yake alivuka barabara akamwomba Bi Baridi aiangalie karakana. Bi Baridi akalalamika kwamba yeye si mlinzi, kisha akaenda asubuhi na jioni, akafagia, akapokea mota za wateja na kuwaambia wasubiri, na mteja mmoja aliposema labda ampelekee fundi wa mtaa wa pili, alimuuliza kama amechoka na mota yake.

Mzee Waya alirudi na kitambaa kwenye jicho moja, na lile jingine likisubiri. Kitambaa kilipoondolewa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuka barabara, akasimama mlangoni mwa Bi Baridi, akatazama friji, akatazama ukuta, akatazama multimita.

"Umezeeka," alimwambia.

"Karibu na wewe."

"Nimekuja kuchukua kipimo changu. Pesa yako hii hapa, kamili."

"Kipimo chako kipi?"

"Nilikiuza nikiwa sioni."

"Na mimi nilikinunua nikiwa naona. Toka."

Hakutoka. Walivutana mpaka mume akaja na chai, akaweka vikombe vitatu, akaondoka. Mzee alitishia kununua kingine mtandaoni, cha njano, cha nyota nyingi. Bi Baridi akaenda ndani, akarudi na kile kidogo, akakifungua mgongoni, akamwonyesha kipande cha waya. Mzee, aliyekuwa amesikia tu habari zake, alikitazama kwa jicho lake jipya muda mrefu. Akatukana kwa utulivu, akarudisha pesa mfukoni.

Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi na mota zake kwapani. Alipima mezani kwa Bi Baridi, akasogeza bisibisi zake, akaziweka alipoona yeye panafaa, akakosoa alivyokunja waya. Juu ya ile friza ya zamani iliyotoa moshi hawakukubaliana, na walipoigusa ilibidi mmoja atoke nje apunge hewa. Lakini duka la maziwa lilipoleta friza lao kubwa, mbovu feni na mbovu gesi, walilifungua wawili, wakagombana siku mbili, likapoa.

"Amehamia kabisa," Bi Baridi alimwambia mumewe jioni ile, akivua viatu. "Leo ameleta na kiti."

"Si umfukuze?"

"Nimfukuze aende wapi, na jicho la pili halijapasuliwa? Atapima kwa nini, kwa mdomo?" Akainua kichwa, akasikiliza. Kutoka karakanani ulisikika mlio wa piii, mrefu, usiokoma. "Haya, ona! Ameiacha imewaka, ameniharibia betri, na makelele yote yale aliyonipigia!" Akainuka bila viatu, akaenda kumgombeza.